Inatumika, Haipatikani

Nairobi kuna watu ambao wakikupigia wasikupate hawasemi kwamba simu yako ilikuwa imezimwa. Wanasema ulikuwa mteja. Neno hilo limetoka kwenye ile sauti ya kike iliyorekodiwa, inayomwarifu mpigaji kwamba mteja wa nambari ile hapatikani kwa sasa. Watu waliisikia sentensi hiyo mara nyingi mno hata wakaifupisha: wakabakiza mteja, wakatupa yaliyofuata, na mtu ambaye siku zote alikuwa yule anayekuja dukani na kulipa akageuka kuwa mtu asiyeonekana. Huku kwetu Tanzania tulibakiza ncha ya pili. "Nilikupigia jana, hupatikani." Anayeambiwa hivyo anajua kwamba ameulizwa swali, na kwamba jibu lake litapimwa.

Sentensi ile ilibeba mambo matatu ambayo kila mtu aliyajua. Betri imekwisha, au uko mahali pasipo na mnara, au umezima kwa makusudi. La tatu ndilo lililofikiriwa kwanza. Lakini kwa miaka kama kumi hivi, tangu simu za vitufe zilipoanza kufungua kurasa za intaneti mpaka 3G ilipotufikia wengi wetu, kulikuwa na jambo la nne ambalo wachache walilijua, na lilipoelezwa karibu hakuna aliyeliamini. Simu imewaka, ina chaji, iko chini ya mnara, iko mkononi mwa mwenyewe, naye yuko macho anaitazama. Anapakua kitu. Na kwa kuwa anapakua, hapatikani.

Nimekuwa nikifuatilia historia ya jambo hilo la nne kwa muda sasa, kwa sababu nitakayoifikia. Inaanza mbali kidogo.

Waliowahi kukaa karibu na simu ya mezani yenye modemu miaka ya 1990 wanaukumbuka ule mlio wa mashine ikikoroma na kupiga miluzi kabla ya kuunganika. Modemu ilikuwa inapiga simu, kwa maana halisi kabisa: ilizungusha namba ya kampuni ya intaneti, ikapokelewa, ikaukalia waya mzima. Mtu wa nje akipiga namba ile alisikia tu, tu, tu, tu. Aliudhika, lakini alijua mambo mawili: kwamba kule kuna mtu, na kwamba mtu huyo anaitumia simu. Angeweza kusubiri. Angeweza pia kupanda daladala akaenda kugonga mlango, akiwa na hakika kwamba utafunguliwa.

Mlio ule ulikuwa na mwanahisabati wake. Mdenmaki Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha mwaka 1909 makala yake ya kwanza kuhusu hesabu za uwezekano katika mazungumzo ya simu. Swali lake lilikuwa la kibiashara: ukiwa na wateja kadhaa, nao wanapiga bila mpangilio, unahitaji nyaya ngapi ili wanaokosa nafasi wawe wachache wa kuvumilika? Kipimo cha msongamano wa simu mpaka leo kinaitwa erlang. Chini ya hesabu zake zote kuna wazo moja, kwamba mazungumzo ni njia. Ukiunganishwa unapewa njia yako peke yako, uongee au unyamaze, mpaka ukate.

Wazo la pili lilikuja miaka ya 1960 kutoka kwa watu wawili ambao hawakuwa wakishirikiana. Paul Baran wa RAND, Marekani, na Donald Davies wa maabara ya taifa ya fizikia Uingereza, kila mmoja kwa njia yake, walipendekeza kwamba ujumbe ukatwe vipande vidogo, kila kipande kiandikwe anwani, kisha vyote vitumwe kwenye njia ambayo ni ya kila mtu. Davies ndiye aliyeviita pakiti. Katika mpango huo hakuna njia ya mtu peke yake, na kwa hiyo hakuna "inatumika". Kuna kwenda haraka na kwenda polepole. Wahandisi wa simu waliokulia kwenye njia za Erlang hawakuupenda, na Baran alihangaika sana kuwashawishi watu wa AT&T bila mafanikio.

Simu yetu ya mkononi ilizaliwa upande wa Erlang. Simu ya kwanza kwenye mtandao wa kibiashara wa GSM ilipigwa Finland tarehe 1 Julai 1991, na kila kitu ndani ya mtandao ule kilipangwa kwa ajili ya sauti. Wimbi moja la redio liligawanywa vipande 8 vya muda vinavyojirudia, na kila anayeongea alipewa kipande chake akae nacho. Kufikia mwaka 2000, wakati Vodacom inaanza Tanzania na KenCell inaanza Kenya, Ulaya walikuwa wameanza kuwasha kitu kipya juu ya GSM kilichoitwa GPRS: vipande vya muda visivyotumiwa na waongeaji viazimwe kupitisha pakiti. Hakuna mnara uliohitaji kung'olewa. Mawazo mawili yaliyokuwa yakigombana tangu miaka ya 1960 yakawekwa nyumba moja.

Kiswahili, kwa bahati mbaya, hakikutusaidia hapa. Tunasema "mtandao" kwa kampuni ya simu, na "mtandao" kwa intaneti, kwa hiyo mtu akilalamika kwamba mtandao unasumbua hatujui kama hasikiki au hafungui ukurasa. Kumbe ndani ya jengo palikuwa na ofisi mbili. Moja ya sauti, moja ya data, kila moja na daftari lake la wateja, zikitumia minara ileile. Tunayoyafuata hapa yalitokea kwenye ukumbi ulio kati ya ofisi hizo.

Simu iliyotulia mfukoni hailali kabisa. Kila baada ya nusu sekunde hadi sekunde mbili hivi inafumbua jicho, inasikiliza chaneli moja maalumu ya mnara kama inatajwa, kisha inalala tena. Ndiyo sababu mojawapo ya betri ya kitochi kukaa siku nyingi. Mtu akikupigia, minara yote ya eneo ulilopo inakutangaza kwenye chaneli hiyo kama mpiga mbiu, halafu ofisi ya sauti inasubiri. Simu ikiitika inapewa kipande cha muda, na mlio unasikika. Isipoitika hata baada ya kutajwa tena, ofisi ya sauti ina jibu moja tu la kumpa anayepiga.

Waliotunga viwango vya GPRS waliziweka simu katika makundi matatu. Kundi A ziliweza kuongea na kupitisha data kwa wakati mmoja, na zilikuwa ghali na ngumu kutengeneza. Kundi C zilifanya kimoja, na mwenyewe ndiye aliyechagua. Karibu simu zote tulizozishika zilikuwa kundi B: zinajiandikisha ofisi zote mbili, lakini haziwezi kuhudumiwa na zote kwa pamoja. Redio ilikuwa moja. Ikiwa inapokea pakiti, imegeukia chaneli ya pakiti na haisikii mbiu. Walijua hilo, na dawa yake waliiandika: kiungo kati ya ofisi ya sauti na ofisi ya data, ambacho kingeruhusu mbiu ipitishwe upande wa data, simu iambiwe kwamba inaitwa, pakiti zisimamishwe, mlio usikike. Lakini kiungo hicho kilikuwa cha hiari. Mtandao uliweza kuwashwa bila hicho, ukauza bando, na ukawa ndani ya viwango.

Penye kiungo hukukosa simu. Pasipokuwa nacho, ofisi ya sauti ilitangaza jina lako kwenye chumba ambacho umeshatoka.

Sasa ingiza polepole yetu. GPRS kwa simu nyingi ilifika kilobiti 53.6 kwa sekunde kwa kasi ya juu, karibu sawa na modemu bora kabisa za simu ya mezani, na mara nyingi ulipata chini ya hapo kwa sababu vipande vya muda ulivyoazima vilikuwa vya waongeaji kwanza. Tuseme ulipata 40. Ukurasa wa kilobaiti 100 ulichukua sekunde 20. Wimbo wa megabaiti 3 ulichukua dakika 10. Kwa kasi ya megabiti 1, ukurasa uleule ni chini ya sekunde moja na wimbo ni sekunde 24. Ukisoma ukurasa uliokwisha kufunguka, simu inarudi kusikiliza mbiu kama kawaida. Unapotea pale tu pakiti zinapotembea. Kwa hiyo polepole ilifanya mambo mawili kwa mpigo. Ilikuchelewesha, na ilirefusha muda ambao dunia haikuoni. Mwenye mtandao wa haraka alitoweka kwa nukta moja, na hata akipigiwa katika nukta hiyo alipatikana kwenye mbiu ya pili. Mwenye mtandao wa taratibu alitoweka dakika kumi kwa ajili ya wimbo mmoja.

Kutoweka huko kulitukuta na mazoea yetu. Afrika Mashariki ilikuwa imeshaifanya simu isiyopokelewa kuwa lugha. Tulibipu, Wakenya wakaflash. Mlio mmoja na kukata: nimefika, nipigie, nakukumbuka, fungua geti. Haukulipia kitu, na aliyebipiwa alikuta namba yako kwenye kioo kama karatasi iliyopenyezwa chini ya mlango. Mtafiti Jonathan Donner aliandika makala mwaka 2007 kuhusu kanuni za kubipu, akitegemea zaidi mahojiano aliyoyafanya Rwanda, na alizikuta kanuni ambazo mtu yeyote wa huku angeweza kumtajia: mwenye uwezo ndiye anayepiga tena, na kijana anayemtaka binti asithubutu kumbipu. Afrika Kusini kampuni ya simu iligeuza tabia hiyo kuwa huduma mwaka 2001, ile ya kutuma ombi la bure la kupigiwa. Mhasibu kijana aliyekuwa kazini hapo, Nkosana Makate, alidai kwamba wazo lilikuwa lake, na mwaka 2016 Mahakama ya Katiba ya nchi ile ikampa haki yake dhidi ya Vodacom. Mlio usiopokelewa ulikuwa na thamani ya kufikishana mahakamani.

Lakini kubipu kunataka mtandao mwaminifu. Kunataka mlio ufike. Simu iliyopotelea kwenye chaneli ya pakiti haikulia, na haikuandikwa popote. Ukimaliza kupakua ukaangalia orodha ya simu ulizozikosa, ilikuwa tupu, kwa sababu simu yako haikujua kwamba iliitwa. Mpigaji alikuwa na ushahidi masikioni mwake. Wewe hukuwa hata na fununu.

Kisha vitu vingi vikaja karibu kwa pamoja. Opera Mini, iliyosambazwa duniani mwaka 2006, ilibana kurasa huko kwenye seva zake kabla hazijafika kwetu, na ikafanya Nokia ya bei ndogo iweze kusoma habari. Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zilitua pwani yetu, na tukaambiwa enzi ya satelaiti imekwisha. Mwaka 2010 Facebook ikatoa toleo lake la maandishi tupu ambalo kampuni za simu zilizoshirikiana nayo hazikulitoza. Nyaya zilifika Mombasa na Dar es Salaam zikiwa na uwezo wa ajabu. Kutoka hapo mpaka mkononi mwa mtu wa Mbinga au Kitui kulikuwa bado na mnara wenye herufi E, au G. Bahari ilikuwa ya karne mpya, na kilomita za mwisho zilikuwa za mwaka 2000.

Na kampuni zikaleta bando za usiku. Mchana minara imejaa waongeaji, usiku vipande vya muda vinakaa bure, kwa hiyo data ya usiku iliuzwa kwa bei ya kutupa. Kibiashara ni akili safi, Erlang angeipenda. Wanafunzi wakageuza usiku kuwa mchana. Ila sisi tuna aina ya simu ambayo huja usiku tu.

Mwaka 2012 nilikuwa nakaa Sinza na kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, chumba kimoja, godoro langu chini na kitanda chake kando ya meza. Alikuwa mwaka wa tatu wa uhandisi. Simu yake ilikuwa ya 2G tu, aliichomeka kwenye kompyuta kwa waya ikawa modemu, na usiku mmoja wa Machi alianza kupakua faili la somo lenye megabaiti 15. Kwa kasi ya siku ile lilihitaji kama dakika 50. Nakumbuka kwa sababu alikuwa akitaja asilimia kwa sauti, na nilimwomba aache nilale.

Huko nyumbani baba mkubwa alikuwa ameanguka bafuni. Walihitaji fedha za gari la kukodi na za kutanguliza hospitalini, na mwenye uwezo wa kuzituma usiku ule kwa simu alikuwa kaka, aliyekuwa na akiba ya fedha za mafunzo ya vitendo kwenye laini yake. Baba mdogo alianza kumpigia saa saba na robo. Alipiga, akapiga, kwa zaidi ya nusu saa. Haipatikani. Mimi hawakunipigia; mambo ya hospitali na fedha hupelekwa kwa mkubwa. Saa nane kasoro fedha zikakopwa kwa mwenye duka, kwa riba ya mwenye duka, na gari likaondoka. Saa nane na dakika chache faili likakamilika. Simu ikaita palepale, mezani, mwanga wake ukapiga ukutani. Baba mdogo alikuwa amejaribu mara ya mwisho. Sikusikia alichosema. Nilisikia kaka akisema, "Sikuzima, baba. Sikuzima. Iko hapa hapa."

Baba mkubwa alipona, ingawa mguu wa kushoto haukurudi sawasawa. Maneno ndiyo hayakupona. Kwenye kikao cha ukoo mwezi wa sita lilikuja juu suala la mtu kuzima simu baba yake akiwa anakufa. Kaka alisimama akaeleza kwamba alikuwa anapakua somo. Alieleza vizuri, kwa kadiri alivyojua, na kila alivyoeleza zaidi alizidi kuonekana mwongo. Shangazi alimuuliza swali ambalo naona ni la haki kabisa: "Kama simu ilikuwa mkononi mwako unaitumia, mwanangu, kwa nini yule dada aseme hupatikani? Si angesema inatumika?" Watu walicheka. Mjadala ukafungwa hapo, na kwa miaka mitatu kaka hakwenda nyumbani Krismasi.

Swali la shangazi ndilo lililonifanya nianze kusoma habari za minara. Jibu lake linakera kuliko nilivyotarajia. Sauti ya "inatumika" ilikuwapo, ile tunayoisikia mtu akiwa anaongea na mwingine. Lakini ilikuwa mali ya ofisi ya sauti, na ofisi ya sauti ilihesabu matumizi ya sauti peke yake. Kwa daftari lake kaka alikuwa amekaa kimya, ameitwa, hakuitika. Na ofisi ya pili, ya jengo hilohilo la kampuni ileile, usiku ule ilijua yuko chini ya mnara gani. Ilimpelekea pakiti, ikapokea taarifa kutoka simu yake kwamba zimefika, ikapeleka nyingine, na ikakata kila megabaiti kwenye bando lake. Kampuni ilikuwa inamtoza mtu ambaye, kwa mdomo wake mwingine, ilikuwa inamwambia baba yake mdogo kwamba hajulikani alipo.

Siwalaumu wahandisi wa mwaka 2000, au siwalaumu sana. Walikuwa wakiwaza mfanyabiashara wa Ulaya anayesoma barua pepe mbilimbili. Na huko kwao kukosa simu kulikuwa na mto wa kuangukia. Apple ilipotoa iPhone ya kwanza Juni 2007, nayo ilikuwa ya 2G, ikitumia EDGE, na Wamarekani walikutana na tatizo letu hilihili: ukiwa unafungua ukurasa, anayekupigia anaweza kuangukia kwenye sanduku la sauti. Walinung'unika, lakini mpigaji aliacha maneno yake, na mpigiwa akayakuta. Miaka minne baadaye, Februari 2011, simu hiyo ilipoingia mtandao wa Verizon, ambao teknolojia yake haikuruhusu kuongea na kutumia data kwa pamoja, AT&T ililifanya jambo hilo kuwa tangazo la biashara. Huku kwetu sanduku la sauti halikushika mizizi. Nani alipe salio kusikiliza maneno yaliyopoa? Kwa hiyo wao walipokosa simu walipata ujumbe, na sisi tulipokosa simu tulipata hukumu.

WhatsApp ilipotua kwenye Nokia za vitufe mambo yaliharibika zaidi, kwa namna ya kuchekesha. Sasa kulikuwa na shahidi wa pili. Mke anatazama kioo chake, kinamwambia mume yuko mtandaoni dakika hii. Anapiga. Sauti inamwambia mume hapatikani. Mume, pale baa au pale ofisini, anapandisha picha kwa EDGE, na picha inasogea kama jongoo. Mashahidi wote wawili wanasema kweli, kila mmoja kwa ofisi yake. Lakini mwambie mke huyo habari za kiungo cha hiari uone.

Iliyomaliza tatizo ilikuwa 3G, ambayo tangu mwanzo ilijengwa kubeba sauti na pakiti kwa pamoja. Japani waliiwasha kibiashara Oktoba 2001. Mjini kwetu ilianza kuonekana kuanzia 2007, vijijini tuliisubiri sana. Halafu 4G ikaja na kichekesho chake. Ilipowashwa Stockholm na Oslo Desemba 2009 haikuwa na ofisi ya sauti kabisa. Baran na Davies walikuwa wameshinda kila kitu. Tatizo ni kwamba watu walikuwa bado wanapigiana simu, kwa hiyo ikabidi simu ya 4G ikiitwa ishuke kwanza kwenye 3G au 2G, ipokee, kisha ipande tena. Ule ukimya wa sekunde kadhaa kabla mlio haujaanza ni simu ikiteremka ngazi. Wakati mwingine inajikwaa, na unajua sauti gani inasikika ikijikwaa. Njia ya kupitisha sauti kama pakiti ndani ya 4G yenyewe ilianza kutumika Korea Kusini na Marekani Agosti 2012, miezi mitano baada ya usiku wa baba mkubwa, lakini inataka simu na mtandao vyote vikubaliane, na simu nyingi za bei ndogo hazikuwa na makubaliano hayo.

Ujerumani walizima 3G mwaka 2021 na kuibakiza 2G. Simu ya huko isiyo na njia hiyo mpya ya sauti, ikipigiwa, inashuka mpaka 2G, na data inasimama mpaka mazungumzo yaishe. Kundi B, karne ya ishirini na moja, Berlin.

Huku kwetu kuna laini mbili. Simu nyingi tunazonunua zina nafasi mbili za laini na redio moja ya kuzihudumia zote. Ukiwa unaongea kwa laini ya kwanza, anayepiga ya pili anaambiwa haipatikani. Ninapoandika haya kaka ni mhandisi wa maji, ana laini mbili kwenye simu moja, na baba mdogo anazo namba zake zote. Amejiwekea utaratibu ambao hakufundishwa na mtu. Hapigi kwanza. Anatuma SMS yenye neno moja, "napiga", kwa sababu SMS isipopokelewa inahifadhiwa na kujaribiwa tena mpaka ifike. Anasubiri dakika mbili tatu akiwa ameshika simu. Ndipo anapiga. Akiambiwa haipatikani, anapiga ile namba nyingine, na akiambiwa inatumika anakata, anaiweka simu kwenye mfuko wa shati, na anaendelea na shughuli zake.